Tuisheni ya Mashairi ya Nyika, Toowoomba: Masomo 9, Dola 495

Alhamisi iliyopita nimelipa somo la tisa, la mwisho kwa muhula huu. Dola 55 kwa saa, pesa taslimu mkononi, jumla dola 495. Kwa mama anayefanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hizo si hela ndogo. Kwa hiyo wazazi wenzangu mlioko hapa Queensland, Australia, mnaomtafutia mtoto tuisheni ya Kiingereza, nawaandikia nilichokiona kwa macho yangu, kizuri na kibaya. Mwalimu mwenyewe ni mzee mstaafu, mtoto wa mfuga kondoo wa magharibi huko kwenye ukame. Hapendi jina lake lizagae mtandaoni, nami namheshimu. Anayemhitaji aniulize pembeni.

Mwanangu ana miaka 14, yuko darasa la tisa. Tulipohamia hapa alikuwa na miaka sita, kwa hiyo Kiingereza anakiongea kama watoto wa hapa hapa. Lakini muhula wa kwanza walipewa kazi ya kuchambua shairi, akarudi na D. Nilikaa mezani nikasoma alichoandika. "Mshairi ametumia tashbiha ili kumchorea msomaji picha." Aya ya pili, takriri, ili kumchorea msomaji picha. Aya ya tatu, tashihisi, picha ileile. Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka saba kule Korogwe, na kosa hilo nalijua kama ninavyoijua sauti ya kengele ya mapumziko. Mwanafunzi anaorodhesha tamathali za semi moja baada ya nyingine, fani yote imetajwa, na shairi lenyewe hajui linasema nini.

Nilijaribu kumsaidia, nikakwama. Mashairi ya Kiingereza sikuyasomea kwa undani, na sikio langu lilikuwa halipati vina vyao wala mizani yao. Tukajaribu kwanza kampuni moja inayofundisha kwa kompyuta. Masomo manne, dola 240. Mtoto alitumiwa karatasi za maelezo, akajaza visanduku, akapewa maksi na mashine. Katika masomo yote manne hakuna mtu aliyemsomea shairi hata moja kwa sauti. Sikuendelea.

Huyu mzee nilielekezwa na dada mmoja Mrundi ninayefanya naye kazi. Anafundishia kwenye chumba kidogo cha maktaba, saa kumi na nusu jioni, na sharti lake ni kwamba mzazi akae humohumo ndani. Nililipenda sharti hilo. Nilikuwa nakaa kona ya nyuma na chai yangu ya chupa, nikawa mwanafunzi wa pili.

Siku ya kwanza hakutoa kitabu. Alitoa waleti, akachomoa noti ya dola 10, akamwekea mwanangu mezani pamoja na kioo cha kukuzia maandishi. "Mtafute mshairi, kisha utafute shairi." Picha ya mshairi Banjo Paterson tunaishika kila siku dukani, mimi nimeishika miaka minane bila kujiuliza yule bwana wa kofia ni nani. Mtoto akainamia noti, pua inakaribia kugusa meza, akaanza kusoma maandishi madogo kama mchanga ambayo macho matupu hayayaoni. Ni vipande vya shairi la The Man from Snowy River, lililotoka kwenye gazeti la The Bulletin la Sydney mwaka 1890. Upande wa pili wa noti yuko mshairi mwingine, Mary Gilmore. Nchi imeweka washairi wawili kwenye pesa moja. Mwanangu alikaa wima. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba kuna watu wazima wanaoyachukulia mashairi kama jambo la maana.

Mashairi haya wenyewe wanayaita mashairi ya bush, mimi nayaita ya nyika. Ni tenzi za visa, za wanyoa kondoo, waswaga ng'ombe, wapanda farasi, watu wa ukame na mafuriko, nyingi zilizotungwa kati ya miaka ya 1880 na 1920. Yana vina, yana mapigo, yanasimuliwa. Wako wasomi wanaoyaona mepesi. Kwa mtoto anayeanza uchambuzi nayaona yanafaa kuliko mengine yote, kwa sababu kisa anakipata mara ya kwanza akisikia, na nguvu zake zote zinabaki kwa swali la pili: kimefanywaje?

Mzee alisoma lile la Snowy River kwa sauti, huku vidole vyake vinapiga meza. Mtoto wa farasi wa thamani ya pauni 1,000 ametoroka na kujiunga na farasi wa porini. Wapanda farasi hodari wanakusanyika kumfuata, na kijana mmoja mwembamba mwenye farasi mdogo wa milimani anabezwa kwamba hataweza. Wakifika kwenye ukingo wa mteremko wote wanasimama, yeye anashuka. Mwanangu aliambiwa asiandike kitu, apige meza tu. Walipofika kwenye mteremko vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe. Mzee akanyamaza ghafla. "Umesikia nini?" Mtoto akajibu: kwato. Hakuna aliyekuwa amemtajia jina lolote la fani. Sheria ya mzee ni hiyo: huruhusiwi kutaja jina la tamathali mpaka kwanza useme imekufanya nini. Ukisema "tashbiha" mapema anainua kalamu ya risasi juu, na unaanza upya.

Sasa nifike kwenye somo la tatu, ambalo kwangu mimi peke yake lilikuwa na thamani ya fedha zote.

Siku hiyo alileta Clancy of the Overflow, la Paterson huyohuyo, la Desemba 1889. Alitoa fotokopi mbili, na mimi akanipa yangu. Alipokuwa anasoma nikahisi kitu mgongoni. Mapigo yale nayajua! Nikaanza kuhesabu silabi kwa vidole chini ya meza, kama nilivyokuwa nawahesabisha wanafunzi wangu mizani. Mshororo wa kwanza, silabi 16. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Kumi na sita, na katikati pana pumziko, nane huku na nane kule. Kisha nikaona kina. Mwisho wa kipande cha kwanza kuna neno "letter", mwisho wa kipande cha pili "better". Kina cha kati na kina cha mwisho! Ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, vimekaa kwenye shairi la mwanasheria wa Sydney kuhusu mswaga ng'ombe.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Mzee akaniambia nije mbele. Nikaandika ubaoni mgawanyo: mishororo minne kwa ubeti, yaani tarbia kamili, mshororo wa kwanza na wa tatu 8 kwa 8 na kina cha kati ndani yake, wa pili na wa nne 8 kwa 7, navyo vikifungwa kwa kina kimoja mwishoni. Ile silabi moja inayokosekana ndiyo inayomfanya msomaji avute pumzi kabla ya kuanza mshororo unaofuata. Nikamweleza kwamba kwetu mshairi angeikamilisha ile ya 16, na tungesema shairi la 15 limepungua. Mzee akafafanua kwamba Kiingereza hakihesabu silabi peke yake, kinahesabu mkazo, na mkazo hapa unaangukia silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, sawa na mtu anayetembea. Mwanangu alikuwa anatutazama kwa zamu. Miaka yote nilikuwa namwambia Kiswahili kina ushairi mkubwa wenye kanuni, naye anaitikia "ndiyo mama" ya adabu tu. Jioni ile aliomba nimwimbie ubeti mmoja wa shairi la kwetu, nikamwimbia palepale maktaba kwa sauti ya chini, akapiga meza, na mizani ikaingia mahali pake.

Baada ya umbo tukaingia kwenye kisa. Msemaji wa shairi ni karani aliyekaa kwenye ofisi chafu mjini. Amemwandikia barua mtu anayeitwa Clancy, akaituma kwenye ranchi ya Overflow alikomfahamu akinyoa kondoo. Jibu linakuja limeandikwa na mtu mwingine, kwa mwandiko ambao msemaji anahisi ni wa ukucha wa kidole gumba uliochovywa kwenye lami. Mstari mmoja tu, kwamba Clancy ameenda Queensland kuswaga ng'ombe na hawajui alipo. Na sarufi ya mstari huo ni mbovu makusudi. Mzee akauliza kwa nini mshairi, mwanasheria aliyesoma, hakulisahihisha lile kosa. Mwanangu alifikiri kwa muda mrefu. Nilitamani kumsaidia, mzee akaninyamazisha kwa jicho. Hatimaye mtoto akasema: "Kwa sababu aliyejibu ana haraka ya kurudi kwenye kondoo. Karani ana maneno mengi kwa sababu hana la kufanya." Jibu hilo siku ya mtihani lilimpatia maksi.

Halafu mzee akatoa habari ya nyuma ya shairi. Paterson mwenyewe alieleza baadaye kwamba kweli aliandika barua ya namna hiyo akiwa mwanasheria, kwa mtu wa nyikani ambaye hajalipa deni lake, na jibu alilopata kutoka kwa rafiki wa mtu huyo lilikuwa na maneno yaleyale. Barua ya kudai deni! Kwenye shairi deni limetoweka na badala yake kuna hamu, mtu anayetamani maisha ya mwenzake, tambarare zenye jua na nyota za usiku. Mwanangu alipewa kazi ya nyumbani ya kuandika ni nini kimebadilika deni lilipoondolewa. Hiyo ndiyo kazi ya uchambuzi. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne ningewapa kazi hiyohiyo.

Tukiwa garini kurudi nikamsimulia habari ya babu yangu mzaa baba. Alitoka Kasulu kuja Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, akahama kambi moja hadi nyingine kwa miaka. Mama yake kule Kasulu, ambaye hakujua kusoma, aliomba mtu amwandikie barua, ikatumwa kambi ya mwisho inayojulikana. Jibu lililorudi liliandikwa na mwenzake wa kambini: ameondoka, inasemekana yuko upande wa Muheza. Ndivyo tulivyosimuliwa. Mtoto hakusema kitu mpaka tulipofika taa za barabarani za karibu na nyumbani. Kisha akauliza, "Clancy naye mama yake yuko wapi kwenye shairi?" Hayupo. Clancy ana ng'ombe, ana mto, ana nyota, hana mtu anayemsubiri. Wiki iliyofuata alilipeleka swali hilo kwa mzee, na mzee akaliandika kwenye daftari lake mwenyewe. Karani anamwona Clancy huru kwa sababu hajawahi kukaa upande wa wanaosubiri barua. Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha insha yake.

Somo la tano lilikuwa la malumbano. Mwaka 1892 Henry Lawson, aliyezaliwa mwaka 1867 kwenye machimbo ya dhahabu ya Grenfell na kuwa kiziwi tangu utotoni, alichapisha kwenye The Bulletin shairi la kukanusha uzuri wa nyika. Kwake yeye nyika ni vumbi, nzi, upweke na wanawake waliochoka. Paterson akamjibu kwa shairi, na wasomaji wakafurahia ugomvi. Kwetu Tanga hilo halihitaji maelezo, majibizano ya washairi tumekua nayo. Miaka mingi baadaye Paterson alisema walikuwa wamekubaliana, Lawson ndiye aliyetoa wazo, maana wote wawili walikuwa wanatafuta riziki. Lakini mwaka uleule wa 1892 gazeti lilimpa Lawson tiketi ya treni na pauni 5 aende Bourke kwenye ukame, akatembea kwa miguu mpaka Hungerford na kurudi, na aliyoyaona yalikaa kwenye maandishi yake mpaka mwisho. Mzee alimpa mwanangu upande wa Lawson, mimi nikapewa Paterson, tukalumbana kwa kutaja mistari. Alinishinda, na sikumwachia.

Kasoro zipo. Ya kwanza, mara mbili mzee aliahirisha somo siku ileile kwa ujumbe wa simu, na mimi nilikuwa nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Anayefanya kazi za zamu ajue hilo. Ya pili, hana notisi zilizochapwa wala ripoti ya maendeleo, na risiti hatoi mpaka umwombe. Ya tatu ni kubwa zaidi: anapenda kuzungumza shairi kuliko kuliandikia insha. Mpaka somo la sita mwanangu alikuwa anaongea vizuri sana na kuandika vilevile vya zamani. Nilimwambia mzee wazi, kwa heshima, kwamba shule inatoa maksi kwa karatasi. Akakubali, na masomo matatu ya mwisho nusu saa ilikuwa ya kuandika aya moja na kuifuta mpaka isimame. Ombeni hilo mapema, msisubiri kama mimi.

Na ya nne. Kwa masomo matano tulisoma wanaume weupe juu ya farasi, na ardhi ile ikaonekana kama ilikuwa tupu walipoikuta. Haikuwa tupu. Kazi kubwa ya ng'ombe huko kaskazini ilifanywa na Waaborijini, jamii za wenyeji wa asili, kwenye nchi yao wenyewe. Nilipouliza, mzee hakukasirika. Somo la saba alikuja na mashairi ya Oodgeroo Noonuccal, aliyezaliwa kisiwa cha Minjerribah hapa hapa Queensland, ambaye kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1964 kilikuwa cha kwanza cha mashairi kuchapishwa na mtu wa jamii hizo. Tulisoma lile la watu wachache wanaorudi kwenye uwanja wao wa zamani wa jando, wakakuta pamewekwa kibao kinachoruhusu kutupa takataka. Halina vina, ni shairi huru. Mwanangu aliweka vidole mezani apige, vikakosa pa kushika, akaviondoa. Mzee akamwambia aandike hilo hilo, kwamba vidole vimekosa pa kushika, na kwa nini. Aliandika ukurasa mzima. Lakini ningependa somo hilo liwe kwenye mpango wake tangu mwanzo, lisitegemee mzazi kuuliza.

Matokeo: insha ya muhula wa pili, kuhusu Clancy, amepata B. Mwalimu wa darasa ameandika pembeni kwamba hoja ya anayesubiri barua ni yake mwenyewe. Neno "picha" halimo hata mara moja, nimetafuta.

Kama mtoto wako ana mtihani wiki mbili zijazo, huyu si mwalimu wako. Kama mtoto amekata tamaa na ushairi na una wiki nane au tisa mkononi, nenda. Ukiwa umesoma fani na maudhui Tanzania, au umekua ukisikiliza malenga, kaa humo chumbani, usiende kufanya manunuzi. Utakuwa na cha kuchangia, na mzee atakupisha ubaoni. Maegesho nje ya maktaba ni ya saa mbili, yanatosha. Chumba kina baridi Julai, mchukulieni mtoto sweta.

Muhula ujao ana nafasi za Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Nimeshalipia masomo matano. Ameniambia wataanza na shairi la John O'Brien kuhusu mkulima Hanrahan, ambaye mvua isiponyesha anasema tumekwisha, ikinyesha anasema tumekwisha, nyasi zikiota anahofia moto na kusema tumekwisha, na kauli hiyo inarudi kama kibwagizo. Mwanangu ameniagiza nimtafutie shairi la kwetu lenye kibwagizo apeleke siku hiyo, na ameomba nimwandikie na mizani yake pembeni.